HABARI ZA AYUB KALULE, MPIGA NGUMI WA UGANDA ALIYEHAMIA DENMARK

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitwaa mifano yake katika uwanja wa michezo. Alitaja mpiga mbio, akataja na mpiga ngumi, akamfanya huyo kuwa mfano wa mtu autawalaye mwili wake mwenyewe. Twaanza na jambo hili kwa sababu wako Wakristo wauonao mchezo wa ngumi kuwa ugomvi mtupu, usiostahili kuandikwa katika gazeti kama hili. Hatuwalaumu, maana mchezo huu una hatari zake, nasi hatutazificha. Lakini Mtume hakuona haya kumtaja mpiga ngumi, na sisi tutamfuata.

Mwezi huu twataka kueleza habari za mtu mmoja wa nchi jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kupigana ngumi kwa malipo katika nchi ya ugeni. Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu yetu ya kuzisoma habari hizi. Mwaka ule ule mtu huyu alipopata ubingwa wa dunia, nchi yetu ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita tulivyoletewa na mpiga ngumi mwingine wa Uganda. Wawili hao twataka kuwapima katika mizani moja.

Ngumi tupu za zamani

Kwanza na tutazame asili ya mchezo wenyewe. Zamani Waingereza walipigana kwa ngumi tupu, bila kuvaa glavu. Hapakuwa na saa ya kupima raundi. Raundi ilikwisha mmoja alipoanguka, kisha akapumzishwa kidogo na kurudi mstarini, na hivyo ikaendelea hata mmoja asiweze kusimama tena. Watu walikusanyika mashambani, mbali na macho ya askari, kwa kuwa sheria haikuruhusu mapigano hayo; na matajiri waliweka fedha nyingi, huyu akimtegemea huyu, na yule yule.

Katika wapiga ngumi tupu wa siku hizo mmoja alikuwa mgeni, mtu mweusi, jina lake Bill Richmond. Alizaliwa katika utumwa mwaka 1763 katika kisiwa cha Staten Island, karibu na New York. Mwaka 1777, wakati Waamerika walipopigana na Waingereza, mkuu mmoja wa jeshi la Waingereza aitwaye Hugh Percy alimchukua kwenda Uingereza, akamtia shuleni, kisha akamweka ajifunze useremala wa samani katika mji wa York. Alikuwa amekwisha kufika umri wa miaka arobaini alipoanza kupigana kwa fedha mjini London mwaka 1804. Mwaka uliofuata alishindwa na Tom Cribb, aliyekuja kuwa bingwa wa Uingereza. Lakini hakuiacha kazi yake. Alishinda wengine, akafungua kilabu chake, akawa mwalimu wa ngumi, na mwanafunzi wake Tom Molineaux, mtu mweusi kutoka Marekani, alipigania ubingwa na Cribb mara mbili, mwaka 1810 na 1811, ingawa mara zote mbili alishindwa. Mwaka 1821, George wa Nne alipotawazwa kuwa mfalme, Richmond alikuwa mmoja wa wapiga ngumi waliowekwa kuwapokea wageni na kulinda milango. Aliyezaliwa mtumwa ng'ambo ya bahari alisimama siku hiyo mlangoni pa mfalme.

Baada yake sheria zilibadilika. Mwaka 1867 zilitangazwa kanuni zitajwazo kwa jina la Marquess wa Queensberry: wapiganaji wavae glavu, raundi iwe dakika tatu, mapumziko yawe dakika moja, na aliyeanguka ahesabiwe kumi. Pambano la mwisho la ubingwa kwa ngumi tupu lilikuwa mwaka 1889 katika nchi ya Mississippi, Marekani, John L. Sullivan alipomshinda Jake Kilrain baada ya raundi 75, katika jua kali la Julai. Tangu hapo ngumi imefungwa ndani ya glavu, ndani ya saa, na chini ya mwamuzi. Nguvu ya mkono haikupungua, iliwekewa mpaka. Neno hilo twaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Kijana wa Kampala

Waingereza ndio walioleta mchezo huu Afrika Mashariki, nao ukaenea hasa katika majeshi, katika polisi na katika shule. Baganda walikuwa na mieleka yao tangu kale, waiitayo ekigwo, na kwa hiyo kushindana kwa nguvu za mwili mbele ya watu halikuwa jambo geni kwao. Baada ya uhuru Uganda ilipata sifa kubwa katika ngumi. Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walipata medali katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na Rwabwogo akapata nyingine huko Munich mwaka 1972.

Katika nchi hiyo yenye mabingwa, Ayub Kalule alizaliwa Kampala tarehe 6 Januari, 1954. Alikuwa mtu wa shoto. Katika ngumi mtu wa shoto husimama kinyume cha wengine, mguu wa kulia mbele na mkono wa kulia mbele, na ile ngumi ya kushoto, iliyo nzito, hukaa nyuma ikingoja. Aliyezoea kupigana na watu wa kulia huona kila kitu kimegeuka, kama mtu ajitazamaye katika kioo. Zaidi ya hayo Kalule alikuwa na pumzi nyingi, na desturi yake ilikuwa kumsogelea mpinzani na kumwandama raundi baada ya raundi bila kumpa nafasi.

Mwanzo wa mwaka 1974 alikwenda Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akapata medali ya dhahabu. Agosti mwaka huo huo mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa yalifanyika Havana, katika nchi ya Kuba. Kalule alipanda uzito mmoja juu, akashinda tena, akawa bingwa wa dunia. Umri wake ulikuwa miaka ishirini.

Basi mtu angetazamia kwamba kijana huyo atakaa kwao na kula matunda ya sifa zake. Lakini nchi ilikuwa katika hali gani? Tangu Januari 1971 Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyeipindua serikali ya Milton Obote. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi, na maduka yao na viwanda vyao vikagawanywa kwa watu wasiojua kuviendesha, bidhaa zikaadimika. Watu wengi walichukuliwa usiku wasionekane tena. Hata Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, mwezi wa Februari 1977. Na wanamichezo walipata hasara nyingine: mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwamo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Sababu ilikuwa ya haki, lakini kijana aliyejitayarisha miaka minne alirudi na mkoba wake kama alivyoufunga.

Kuhamia Denmark

Mwaka 1976 Kalule alivuka kwenda Denmark, akaingia katika ngumi za kulipwa. Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama milioni tano tu. Kwa nini huko, wala si Uingereza, iliyowahi kuitawala Uganda? Jibu ni kwamba katika Copenhagen alikuwapo mwandaaji mashuhuri wa mapambano, Mogens Palle, aliyetafuta vijana hodari na kuwapatia kazi. Sweden, jirani ya Denmark, ilikwisha kukataza ngumi za kulipwa tangu mwaka 1970, na Norway ikafanya vivyo hivyo mwaka 1981. Denmark ndiyo iliyouacha mlango wake wazi.

Mwenye kuhama kwa ajili ya kazi anajua ugumu wa maisha ya ugenini. Sisi Wahaya hatuhitaji kufundishwa jambo hilo, maana watu wetu wamevuka ziwa na mpaka vizazi vingi, wakienda Kampala na Nairobi kutafuta riziki. Huko kaskazini mtu hukuta lugha asiyoijua, chakula asichokizoea, na majira ya baridi ambamo jua huchwa alasiri. Tena kazi ya Kalule haikuwa ya kujificha nyuma ya mashine kiwandani. Ilikuwa ya kusimama nusu uchi mbele ya maelfu, na kila kosa huonekana na wote.

Kalule alishinda pambano la kwanza, na la pili, na la tatu, na hivyo kwa miaka mitano hakupoteza hata moja. Mwaka 1978 alitwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzito wa kati. Wadeni walianza kumhesabu kuwa mtu wao; walijaza kumbi kumtazama, na magazeti yao yaliandika habari zake. Mgeni aliyeingia mikono mitupu alikuwa amejipatia mji.

Vita vyetu

Hapa tumwache Kalule kidogo, turudi upande wetu wa ziwa. Wengi wanakumbuka vita. Wachache wanakumbuka kwamba Idi Amin naye alikuwa mpiga ngumi. Aliingia katika jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, naye akawa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa muda wa miaka tisa hivi, tangu 1951. Mtu huyo mrefu, mwenye mikono mikubwa, alijifunza kanuni zile zile za Queensberry: usipige chini ya mkanda, usimpige aliyeanguka, mwamuzi akisema acha, acha.

Alipokuwa mtawala alizisahau zote. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege zake zilitupa mabomu mpaka Bukoba mjini, na mwisho wa mwezi askari wake waliingia kwa wingi katika nchi iliyo kati ya mpaka na mto Kagera. Waliua watu wasio na silaha, wakapora ng'ombe na mabati na vyombo vya nyumbani. Daraja la Kyaka likavunjwa, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Amin akatangaza kwamba nchi hiyo sasa ni yake. Katika siku zile zilienea pia habari ambazo mtu hajui acheke au alie: kwamba Amin alitaka kuyamaliza mambo kwa kupigana ngumi na Mwalimu Nyerere ulingoni, naye Muhammad Ali awe mwamuzi. Mtu aliyekwisha kuwapiga wanakijiji wasio na ngao alitaka sasa kuonekana mwanamichezo!

Mwalimu hakuwa na haja ya glavu. Majeshi yetu yaliwarudisha wavamizi, yakavuka mpaka, na pamoja na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili, 1979. Amin alikimbia, akafia ugenini, katika mji wa Jeddah, mwaka 2003. Mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera kwa ukumbusho wa vita vile.

Ubingwa wa dunia

Miezi sita baada ya Kampala kukombolewa, tarehe 24 Oktoba, 1979, Ayub Kalule alipanda ulingoni katika nchi ya Japani kupigana na Masashi Kudo, bingwa wa dunia wa Chama cha WBA katika uzito wa ratli 154, yaani kilo 70 hivi. Siku hizo pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Ukihesabu na mapumziko, ni karibu saa nzima ya kupiga na kupigwa. Kalule alikuwa katika nchi ya mpinzani wake, mbele ya watu wa mpinzani wake, na wote wawili walidumu hata kengele ya mwisho. Waamuzi walipotoa hesabu zao Kalule ndiye aliyeshinda. Akawa Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa.

Tafakarini, wasomaji, maana ya siku ile. Kwa miaka minane ulimwengu ulikuwa ukilitaja jina la Uganda kwa hofu au kwa dhihaka, nalo lilimaanisha Amin tu. Sasa jina hilo hilo lilitangazwa ulingoni kwa heshima, kwa kazi ya mtu aliyetii kengele. Alirudi Denmark, akautetea ubingwa wake mara nne katika muda usiotimia mwaka, na mara zote alishinda.

Ndipo ilipokuja siku ya kushindwa. Tarehe 25 Juni, 1981, katika uwanja mkubwa wa Astrodome mjini Houston, Marekani, alikutana na Sugar Ray Leonard, bingwa wa uzito ulio chini ya wake na mpiga ngumi aliyesifiwa kuliko wote wakati huo. Kalule alikuwa amepigana mara 36 bila kushindwa. Alimwandama Leonard kama desturi yake, akampa kazi ngumu. Katika raundi ya tisa Leonard alimpiga mfululizo, Kalule akaanguka. Aliinuka kwa miguu yake mwenyewe, lakini mwamuzi alipomtazama machoni akalisimamisha pambano. Leonard aliruka kichwa chini miguu juu kwa furaha. Na furaha hiyo yenyewe yaonyesha kwamba hakuwa ameshinda mtu dhaifu.

Mwaka 1982 alijaribu kuurudisha ubingwa, akashindwa na Davey Moore katika raundi ya kumi. Akashindwa tena mwaka huo huo na Mike McCallum wa Jamaika. Watu wakadhani amekwisha. Mwaka huo pia mchezo wote ulitiwa huzuni: Novemba 1982, mjini Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea aliangushwa katika raundi ya 14, akafa baada ya siku chache. Kwa sababu ya kifo hicho Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na wengine wakafuata baadaye. Hii ndiyo hatari tuliyosema hatutaificha. Mzazi ambaye mwanawe ataka kushika kazi hii na aijue kabla ya kumpa ruhusa.

Kalule hakuwa amekwisha. Mwaka 1985 alitwaa ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati kwa kumshinda Pierre Joly, Mfaransa, mjini Copenhagen. Desemba mwaka huo aliutetea katika nchi ya Italia dhidi ya Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Kongo aliyehamia huko, akamshinda kwa hesabu ya waamuzi. Hapo palionekana jambo la ajabu: Waafrika wawili, wote wahamiaji, wakipigania taji la Ulaya, na Wazungu wakikaa kutazama na kutoa hukumu. Februari 1986, mjini Sheffield, Uingereza, Herol Graham alimnyang'anya taji hilo. Kalule akaziweka glavu chini. Alikuwa amepigana mara 50, akashinda mara 46, akashindwa mara nne.

Waganda wenzake walifuata njia ile ile ya ugeni. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Uingereza, alipata ubingwa wa dunia mwaka 1981, na John Mugabi alipata wake mwaka 1989.

Mizani

Sasa tuyapime. Wapiga ngumi wawili walitoka katika nchi moja. Mmoja aliachiwa nchi nzima, wala hapakuwa na mwamuzi juu yake, wala kengele, wala hesabu ya kumi. Akaziharibu nyumba za watu wake na za jirani zake. Mwingine hakuwa na nchi ya kutawala. Alikuwa mgeni katika miji ya watu, naye alijifunga kwa sheria ambazo hakuzitunga yeye. Huyo ndiye aliyepata heshima, na alipoangushwa aliinuka, akaikubali hukumu, akarudi kazini. Wazee wamesema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho Amin, pamoja na mataji yake yote, hakuwa mshindani.

Liko na jambo la pili, nalo latuhusu sisi zaidi. Baada ya vita, watu wetu wengine walimtazama kila Mganda kama kwamba ndiye aliyevunja daraja la Kyaka. Tusiwahukumu upesi, maana wapo waliozika ndugu zao. Lakini tukumbuke kwamba mapadre wa Kashozi walitufikia mwaka 1892 wakitoka Buganda, na kwamba wengi wa Waprotestanti wetu wa kwanza walisoma Neno la Mungu katika vitabu vya Kiganda. Tukumbuke pia kwamba Waganda wenyewe walizika watu wengi kuliko sisi kwa mkono wa mtu yule yule. Wavuvi wa Muleba na wavuvi wa Masaka hutupa nyavu zao katika ziwa moja, na ziwa halina alama ya mpaka juu ya maji. Mwenye kuipima nchi nzima kwa mtawala wake mmoja amewaonea akina Luwum, na akina Kalule, na maelfu wasioandikwa majina yao popote.

Basi mtoto wako akikuuliza nani alikuwa mpiga ngumi mkuu wa Uganda katika miaka ile, usimtajie yule aliyetupiga sisi. Mwambie habari za kijana wa shoto wa Kampala, aliyeuza nguvu zake ugenini kwa uaminifu, na asiyempiga mtu yeyote baada ya kengele kulia.